Kutoka Kifundoni Hadi Shingoni

Tulicheka msibani, na sioni haya kulisema. Tulikuwa Buswelu, nyumbani kwa marehemu Mwalimu Koku, uani walikokaa wanawake wa kumenya ndizi. Mimi nilikuwa nimejipatia kigoda karibu na sufuria kubwa, namenya huku machozi yananitoka bila kelele. Mwanamke mmoja mrefu, mrefu kweli, akaja akajikunja pembeni yangu, akachukua kisu, akamenya ndizi mbili tatu, halafu akasema bila kunitazama, "Dada Leti, mimi leo niko maji gani?" Siku hizi hakuna anayeniita Dada Leti. Mimi ni mama wa watu, na kwa wengine nimeshakuwa bibi. Kwa mazoea ya zamani nikaanza kumtazama vidole vya miguu, ndipo nikampandisha macho mpaka usoni. Alikuwa Kabula. Tukashikana na mikono yetu ya utomvu wa ndizi, tukalia, kisha akaninong'oneza jambo moja kuhusu marehemu mama yake na vidonge, na hapo ndipo kicheko kilipotuponyoka. Mama mmoja wa Kihaya akatugeukia: "Nyie wawili, mnajua mko wapi?" Kabula akamjibu kwa adabu zote, "Tunajua, mama. Tuko kwa Mwalimu." Yule mama akatuangalia, akatabasamu na yeye, akarudi kwenye ndizi zake. Tangu siku hiyo mwaka ule wa kwanza nilioufanya kazi kwa Mwalimu umenijia wote, na harufu yake, na sitaki unipite tena.

Nilikozaliwa na walionilea nitawaacha kwa leo. Hawana kazi katika habari hii. Itoshe kusema nilikuwa binti aliyemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na ndoto zilikuwa zimenijaa hadi zinamwagika. Asubuhi nilitaka kuwa mtangazaji wa redio, mchana nahodha wa meli, jioni mke wa mtu mwenye duka la vitenge. Ilikuwa katikati ya ile miaka ya tisini ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ilitandazwa mpaka juu ya mawe ya mlimani, viwanda vya minofu ya sangara vilifunguliwa ufukweni kimoja baada ya kingine, na magazeti, ambayo zamani yalikuwa mawili matatu tu, yakazaliana kama sungura, hata wauza karanga wakawa wanachagua la kufungia. Nikasikia kuna mwalimu mstaafu amepewa ghala la pamba pale Igogo afungue chumba cha watoto kusomea, nikaenda kuomba kazi ya kufagia. Akaniuliza, "Watoto unawapenda?" Nikasema nawapenda. "Na vitabu?" Nikamwambia ukweli: "Sijawahi kuwa navyo, Mwalimu, lakini nadhani tutaelewana." Alicheka mpaka akavua miwani, akashangaa kwa Kihaya chake: "Waitu! Haya, ingia."

Nikifumba macho bado nakiona chumba kile. Pamba ilikuwa imehamia kwa wanunuzi binafsi, ghala likabaki na popo, lakini nyuzi za pamba zilikuwa bado zimenasa kwenye nondo za madirisha, na upepo wa ziwani ukivuma zilikuwa zinacheza kama ndevu za babu anayetafuna. Dirisha la upande wa chini lilikuonyesha ziwa katikati ya mawe mawili makubwa. Sakafuni mikeka, ukutani rafu za mbao za maboksi. Vitabu vingine vilikuja kwenye marobota, kama mitumba, kutoka kwa watu wa ng'ambo tusiowajua, na humo tulikuta habari za theluji, mapishi ya keki, na kimoja kinene cha jinsi ya kufungua injini ya trekta. Vingine, vile vyembamba vya Kiswahili, Mwalimu alivitafuta mwenyewe kutoka Dar. Nilipoingia siku ya kwanza watoto wa jioni walikuwa wamejaa, na nikasimama mlangoni na ufagio wangu nimeganda. Nilishawahi kukaa kanisani, nilishawahi kwenda peke yangu porini kuokota kuni, lakini kimya kile sikuwahi kukisikia popote. Chumba kimejaa watoto, wote wapo, na papo hapo hakuna hata mmoja aliyepo. Nilihisi nimeingia mahali ambapo lazima nivue viatu. Nikavivua. Baadaye nikagundua kumbe ndiyo ilikuwa sheria ya Mwalimu, ila yeye alikuwa na sababu yake.

Sababu ilikuwa vidole. "Mtoto akikusomea," alinifundisha, "usisikilize mdomo tu. Mdomo unaweza kukariri. Tazama vidole vya miguu. Kitabu kikimzidi, vinajikunja kama vinatafuta pa kushika. Kikiwa chake, vinalala." Na kweli, mnaweza kujaribu kwa wajukuu wenu. Halafu kulikuwa na rafu. Mwalimu alikataa kabisa kuandika madarasa kwenye vitabu. Alisema mtoto wa Igogo ukimtajia darasa utamkera, mtajie maji, maji anayajua. Kwa hiyo kila rafu ilikuwa na jina la kina. Ya chini kabisa iliitwa Kifundoni, ilikuwa ya vitabu vya maneno machache na picha kubwa. Iliyofuata Magotini, halafu Kiunoni, na ya juu, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa naifikia kwa kuchuchumia, Shingoni. Mtoto mgeni alikaa na Mwalimu mkekani, akasoma ukurasa mmoja wa kitabu alichokitaka mwenyewe, na Mwalimu akamuuliza kwa sauti ya chini, "Miguu inagusa?" Mtoto alijibu kwa uaminifu wa ajabu. "Inagusa." Au, "Haigusi, Mwalimu." Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Ziwani mtoto mwenye akili anaingia mpaka pale anapoweza kusimama, anacheza hapo, na kesho, bila kumtangazia mtu, amesogea kidogo. Nilikuwa naangalia jambo hili kila jioni na sikulizoea. Mtoto anaingia amekunja uso, mnahangaika naye rafuni, hiki hapana, hiki hapana, halafu mkono wake unaangukia kimoja, anakaa, vidole vinalala, na uso unafunguka kama mlango. Nikienda kulala nilikuwa nazihesabu nyuso hizo badala ya sala, Mungu anisamehe.

Ila kuna kitu Mwalimu Koku, kwa kuwa alikulia kwenye migomba na kahawa huko Kagera, hakukifikiria. Watoto wa ziwani wanapimana kwa kina. Mwenye kuogelea mbali ndiye mkubwa, na anayebaki kwenye matope ya pembeni na vichanga ni wa kuchekwa. Majina aliyoyaweka kwa huruma yakageuka fimbo. Nilianza kuyasikia nje, kwenye ngazi za mawe, wakati wa kuvaa ndala: "We wa Kifundoni, pisha wanaume." Wadogo hawakujali. Aliyejali ni Kabula. Alikuwa darasa la sita, lakini umri wake ulikuwa wa kidato, maana alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu akilea wadogo zake, na aliporudi shule walimpandisha tu madarasa kwa kufuata urefu wake. Kusoma hakujui, au anajua kwa shida, silabi kwa silabi, kama mtu anayevuka mawe yenye utelezi. Mahali pake palikuwa Kifundoni na hapakuwa na ubishi. Siku ya kwanza alipokaa na kijitabu chenye picha ya kuku kwenye jalada, mtoto mmoja mchokozi anaitwa Masanja, ambaye alikuwa anamfikia kiunoni, akapita akasema kwa sauti ya kanisani, "Jamani, twiga anaoga kwenye beseni." Chumba kizima kikapasuka. Hata mimi, naungama, shavu lilinitikisika. Kabula akasimama. Akakirudisha kijitabu cha kuku mahali pake, akanyoosha mkono bila hata kuchuchumia, akatoa Shingoni kile kitabu cha injini ya trekta.

Kuanzia hapo alikuja kila jioni, akakaa kona ya dirishani na trekta lake. Alifunua kurasa kwa mwendo mzuri kabisa, kama msomaji. Mtu asiyejua angesema huyu binti atakuwa injinia. Lakini macho yake yalikuwa hayatembei, na vidole vya miguu yake mirefu vilikuwa vimejikunja hadi kucha zimekuwa nyeupe. Nilikuwa namwangalia roho inaniuma. Nikamwendea Mwalimu: "Mwalimu, Kabula anazama." Akasema, "Namwona, Leticia. Lakini nikimtoa pale mbele ya wenzake, hatarudi tena." Tukabaki hivyo, wawili tunaangalia mtoto akizama kwa heshima, na vijitabu vinavyomfaa vimelala hatua chache kutoka magotini mwake.

Halafu akaja mama yake. Ilikuwa Jumamosi, Mama Kabula akasimama mlangoni na ungo wa dagaa kichwani, magamba yanang'aa mikononi hadi kwenye viwiko kama bangili. "Hodi humo kwa wasomi."

"Karibu, mama, karibu ukae," Mwalimu akasema.

"Shikamoo, Mwalimu. Sikai, nimeacha mali juani na kunguru wa Igogo hawana dini. Nimekuja kuona huyu binti yangu huwa anakula nini huku hadi chakula cha nyumbani kinamshinda."

Mwalimu hakuwa mtu wa kudanganya wazazi. Akamweleza taratibu Kabula amefika wapi na anatakiwa aanzie wapi, akampa mkononi kile kijitabu cha kuku. Mama Kabula akakipindua, akakipima uzito kwa kiganja, akakifunua, akakifunga. "Hiki?"

"Hicho, mama. Kwa kuanzia."

"Mwalimu, hiki hata karanga za shilingi ngapi sijui hakifungi. Mimi nikipima dagaa, kopo linajaa, naweka na kilima juu, na mteja bado ananiambia mama, na nyongeza yangu? Sasa wewe binti amenipita urefu unampimia kijiko?" Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Hakuwa na hasira, ndilo lililoniumiza. Alikuwa anazungumza kama mtu wa biashara anayeona mizani imekosewa. "Mimi sijui kusoma, siwezi kukubishia. Lakini nasema hivi, sina ubaya. Shule zikifunga mwisho wa mwaka, nitamuuliza. Kama anasoma, aendelee na la saba, nitahangaika mwenyewe. Kama hasomi, mahali pake papo. Ana mikono mizuri sana kwenye dagaa. Kwa nini nimwonee kumkalisha kwenye benchi anachekwa?"

Kabula alikuwa amesimama nyuma ya mlango na ndoo ya maji aliyotumwa na Mwalimu. Maji hayakutikisika. Nilimwona akisubiri mama yake apite, ndipo akaingia, akamimina maji kwenye mtungi, akaenda kwenye kona yake na trekta lake.

Siku hiyo Mwalimu alinibakiza tule pamoja, kwenye kijichumba cha nyuma alichokifanya jiko. Ndizi na maharage kwake, na kwa ajili yangu akatoa matobolwa, vile viazi vyetu vitamu vya kuchemsha na kukausha, alivyokuwa anavinunua ingawa alisema ni kama kutafuna kandambili. Tukala bila hamu. Alikuwa anarudia maneno ya Mama Kabula: kopo na kilima juu. "Ameniambia kweli," alisema. "Nampa mtoto chakula chake halisi, lakini nakiweka kwenye kisahani cha kumtia aibu." Mimi nilikuwa natazama gunia la maharage pembeni, lililoshonwa mdomo kwa uzi wa nyavu, na shazia, ile sindano ndefu ya magunia, imechomekwa juu yake. Wazo likanijia zima zima, na wazo likinijia zima mimi siwezi kukaa. Nikasimama na tobolwa mdomoni. "Mwalimu, tuvishone!"

"Tushone nini?"

"Vijitabu. Vya Kifundoni, halafu Magotini, halafu Kiunoni, mpaka mwisho. Vyote kitabu kimoja. Kinene. Kinene kuliko trekta!"

Akaweka sahani yake chini. Hakuwa anafikiria gharama. Alikuwa anafikiria majalada, maana nilishamweleza kwamba lazima tuyatoe yote, yule kuku asionekane kwa nje. "Leticia. Mimi, tangu nianze kazi, sijawahi kukunja hata kona ya ukurasa." Akainuka, akanawa, akaleta wembe wake wa kuchongea penseli akauweka mbele yangu. Halafu akageuka akatazama ziwani dirishani, akasema, "Kata. Ukimaliza niambie." Nilipokuwa nakata nilimsikia anavuta pumzi kwa meno, kila jalada, kama mtu anayetolewa mwiba.

Tuliifanya kazi ile kwa siku kadhaa, watoto wakishaondoka, jua likiwa bado lipo. Yeye alichagua mpangilio, na hapo ndipo nilipouona ualimu. Alisoma kila kijitabu kwa sauti, akakiweka, akakitoa, akasema hiki kina sentensi ndefu mno kwa hapa, hiki kitamchosha, hapa anahitaji kucheka. Kwanza kuku, aliyetaga kwenye kofia ya mwenyekiti. Kisha punda wa mama mkwe. Kisha binti aliyeendesha lori hadi Tabora. Vikafuata vingine viwili, na mwisho kabisa hadithi ndefu ya Shingoni, ya kijiji kilichochimba kisima miaka ya ukame. Mimi nilishona kwa shazia na uzi wa nyavu, nikatengeneza jalada kwa boksi la sabuni, nikalivika kipande cha kitenge cha bluu kwa gundi ya unga wa muhogo. Panya walikula kona moja usiku wa kwanza tu. Na pale kwenye maungio, ambapo hadithi moja inaishia na nyingine inaanza, niliona ni kama mtu anaanguka shimoni. Nikaomba ruhusa, nikaweka ukurasa mweupe kila mahali, nikaandika kwa mwandiko wangu: yule kuku akatoka kwenye kofia, akavuka barabara, akafika nyumbani kwa mama mkwe. Yule kuku akapanda lori. Yule kuku, akiwa amechoka na safari na vumbi la Tabora limemjaa manyoya, akateremka mahali ambapo mvua haikunyesha. Mwalimu aliposoma hakusema ni vizuri wala ni vibaya. Alisema tu, "Waitu, huyu kuku!" na akaniongezea wino.

Hatukukiweka kwenye rafu yoyote. Jumatatu jioni Mwalimu alikipitisha katikati ya chumba kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba keki ya harusi, akampa Kabula bila maelezo. Kichwa baada ya kichwa kiliinuka. Masanja akashindwa kuvumilia. "Mwalimu, hicho ni cha maji gani?"

"Hicho hakina kina," Mwalimu akasema. "Hicho ni ziwa lenyewe."

Masanja akapiga mluzi. Kabula akakifunua. Ukurasa wa kwanza akaona maneno machache, makubwa, na nikaona mabega yake yanashtuka. Akatazama jalada, akatazama unene, akatutazama sisi. Nilijifanya nafagia. Mtoto yule hakuwa mjinga, alielewa pale pale tulichokifanya, ameniambia mwenyewe msibani. Lakini hakuna mwingine aliyekuwa anaona. Akakisogeza karibu na dirisha, akaegemeza mgongo ukutani, na midomo yake ikaanza kutembea.

Ilitembea wiki nyingi midomo ile. Ku-ku. Ka-ta-ga. Alikuwa na kidole chake cha mwongozo, na alipokwama alikuwa hageuki kuuliza, anakaa palepale anapiga neno mpaka lifunguke. Siku nyingine alikaa na Mwalimu mkekani, siku nyingine na mimi, na maneno mengine tulihangaika nayo sote wawili, maana shule yangu mnaijua. Aliendelea na kazi za nyumbani kama kawaida. Alikuja na magamba ya dagaa kwenye nywele na yalikuwa yanadondokea kurasani, na mpaka mwisho kitabu kile ukikifunua kilimetameta. Alipofika kwenye lori la Tabora alilalamika: "Dada Leti, huyu kuku hachoki? Hana hata watoto?" Nilifurahi kupita kiasi lakini nikamjibu kwa ukali, "Soma."

Kisha ukaingia msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga. Wenye kwenu Kagera mnaelewa. Sisi wengine tulijifunza kwa Mwalimu Koku, ambaye senene wakionekana alikuwa anasahau umri wake. Jioni moja baada ya mvua walitua kwenye nyasi za nje ya ghala, kijani kitupu, na chumba kikamwagika. Watoto wote nje, kelele, wanaruka na makopo, Masanja ameanguka kwenye tope na bado anashika. Mwalimu akakaanga wa kwanza hapo hapo kwa vitunguu, harufu ikajaa ghala lote hadi kwenye mapaa ya popo. Nilichukua kisahani niwapelekee waliobaki ndani nikijua hayupo aliyebaki. Nikakuta yupo mmoja. Kabula alikuwa kwenye kona yake, mwanga wa baada ya mvua unamwangukia ubavuni, na kuna kitu kilikuwa kimebadilika, nikakaa nikitafuta ni nini. Vidole vya miguu vimelala. Hilo nilishaliona siku nyingi. Halafu nikaona. Midomo ilikuwa imetulia. Macho yanatembea, ukurasa unafunuliwa, macho yanatembea, na midomo imefungwa kimya kabisa, kama ya mtu anayesikiliza. Mwalimu akaja nyuma yangu na kikaango, akaona nilichokiona, akanishika mkono juu ya kiwiko. Hatukusogea. Nje watoto wanapiga kelele za senene, ndani binti wa wauza dagaa yuko kwenye kijiji kisicho na maji, peke yake, mbali nasi kuliko Tabora, na hakuna aliyempeleka kwa mkono. Nimeshuhudia mambo katika maisha yangu. Nimezaa, nimezika. Sijui kama nimewahi kukaribia kitu kikubwa kuliko kile nikiwa na kisahani cha senene mkononi.

Akafunua ukurasa wa mwisho. Akaugeuza, akakuta boksi la sabuni. Akainua uso, na alikuwa amekasirika kweli kweli. "Dada Leti, kimeisha! Na kuku je?"

Sikuwa nimeandika mwisho wa kuku. Ilikuwa haijanipitia akilini kwamba mtu atafika.

Lakini kulikuwa bado na mama yake. Shule zilipokaribia kufungwa Kabula akaniomba nimsindikize, nikaenda naye hadi kwenye meza ya dagaa, kando ya barabara ya ufukweni, na kitabu cha bluu kifuani kwake. Nilimsalimia mama, nikajisogeza pembeni kwa muuza vitunguu. Kabula akasoma kisima, ukurasa mzima, bila kukosea. Mama Kabula alisikiliza huku mikono inapepeta. Akasema, "Vizuri. Lakini mwanangu, hicho umelala nacho tangu kipupwe. Hata mimi wimbo wa kanisani ninao wote kichwani na sijawahi kuona herufi zake." Wala hakuwa amekosea. Mtu asiyesoma atajuaje kwamba mwingine anasoma? Tulikuwa tumefikiria kila kitu, na hilo hatukulifikiria.

Mama Kabula akatazama mezani kwake. Chini ya jiwe kulikuwa na rundo la magazeti, aliyokuwa akiyanunua kwa kilo na kuyachana vipande vya kufungia. Akaingiza mkono katikati, akachomoa kimoja, kichafu, kimechanwa ovyo, akampa. "Hiki hujakiona wewe, sijakiona mimi. Nisomee."

Kabula akakigeuza, maana kilikuwa kichwa chini. Vidole vyake vya miguu, ndani ya ndala, vilijikunja. Nikaviona kutoka kwenye vitunguu. Akavuta pumzi. Akaanza polepole, na neno la tatu lilimkwaza, akarudi, akalipiga, likafunguka. Ilikuwa habari ya ng'ombe. Ng'ombe wa mjane mmoja huko vijijini alikuwa amepotea, wakamtafuta, wakakata tamaa, na asubuhi moja mjane akasikia kengele ya ng'ombe wake inalia, lakini inalia kutoka juu, kwenye mawe ambako ng'ombe hawezi kupanda. Watu wakakusanyika, kijana mmoja akapanda, alipofika juu akainama, akaita kwa mshangao kwamba...

Kabula akanyamaza.

Mikono ya mama ilikuwa imesimama. Dagaa walikuwa wanamwagika kidogo kidogo kutoka kwenye ukingo wa ungo na hakuwa anaona. "Kwamba nini?"

"Basi, mama. Kimechanika hapo."

"Kimechanika?" Akakichukua, akakitazama mbele na nyuma, akaupitisha ukingo wa mchano kidoleni, kama vile maneno yanaweza kuwa yamejificha kwenye nyuzi za karatasi. "Na mimi ndiye niliyechana." Alilisema kwa sauti ndogo ambayo sikuijua. Akatazama rundo chini ya jiwe, akatazama vifurushi alivyokwisha kufunga vimepangwa mezani, na nikaona macho yake yanafuata barabara, upande walikoelekea wateja wa asubuhi. "Mungu wangu. Nafunga dagaa humu kila siku."

Msibani Kabula alininong'oneza kwamba hata alipokuwa mgonjwa kitandani mama yake alikuwa hamezi kidonge mpaka asomewe kile kikaratasi cha ndani ya boksi chote, mpaka anwani ya kiwanda. Hicho ndicho kilichotuchekesha. Lakini mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa kukumbuka ile siku nyingine, ya ufukweni. Mteja alikuwa amefika, mama mmoja na kikapu chake, anagonga kopo mezani, "Dada, nipimie, nina haraka." Na Mama Kabula, mwanamke ambaye hakuwahi kumkalisha mteja, alikuwa amepiga magoti mchangani, ameliondoa jiwe, rundo lote amelitandaza, upepo wa ziwani unayapeperusha na yeye anayazuia kwa viwiko, anampokeza binti yake kipande kimoja kimoja. "Hiki? Hiki je? Tazama vizuri, mwanangu. Nani alikuwa juu ya jiwe?"